Deni halilipwi kwa deni

Mwaka 2020, Uviko-19 ilipowazuia watalii kwenda Ngorongoro, mama mmoja wa Karatu aliyeuza mboga hotelini alibaki na matenga yake. Akachukua "kausha damu" alipe kikoba, kisha akakopa kwingine alipe kausha damu. Usingizi ukapotea, presha ikapanda. Simu ikiita, anajificha chooni.

Siku moja binti yake akaipokea: "Mama amesema hayupo."

Usiku ule alimweleza mumewe yote. Wakaandika madeni daftarini, wakauza mbuzi, wakaanza kulipa lenye riba kubwa.

Leo mkopeshaji akija, anamuuliza kwanza leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Biashara imepungua, ila simu anapokea mwenyewe.