Ufa wa Jahazi Haufichwi kwa Rangi

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Palma hadi Mocímboa da Praia, fundi wa vyombo hapaki rangi juu ya ufa. Hukipandisha chombo mchangani, akazikagua mbao moja moja, na penye mwanya akatia kalafati. Ajua kuwa rangi haizuii maji.

Siku hizi akiba ya wengi husafiri ndani ya simu. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbia na kile walichoweza kubeba. Kwa mkimbizi wa namna hiyo, fedha iliyomo simuni ndiyo unga wa watoto. Askari aliye lindoni naye huitumia njia hiyo kuipelekea jamaa yake matumizi. Basi kampuni inayotunza fedha hizo imeshika amana.

Mwezi Oktoba 2020, nchini Uganda, wezi walipenya katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha mabenki na fedha za simu. Huduma baina ya Stanbic, MTN na Airtel zikasimamishwa. Ufa ulikuwa kwa mshirika wa katikati, lakini maji yaliwafikia wote.

Kampuni ifichayo ufa kwa kuogopa aibu humnyima mteja nafasi ya kujihadhari, na humwongezea mwizi muda. Mlinzi akikiri kuwa alisinzia, lindo huimarishwa. Akificha, kambi huangamia. Kukiri udhaifu si fedheha. Fedheha ni kuwazamisha abiria waliokuamini.