Mstari wa Sisimizi

Sisimizi ndio walionionyesha. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, wakapita chini ya dirisha, wakapanda mguu wa kitanda cha binti yetu. Nilipoinua godoro nilikuta vipande vitatu vya chapati vilivyoota ukungu, mfupa wa kuku, na wali uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa ametimiza miaka miwili kwetu, hapa Wazo, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kulala na njaa.

Nilimchapa. Nalisema hili mapema, kwa sababu nikiliruka yanayofuata hayatakuwa ushuhuda. Nilimchapa kwa ufito wa mpera, naye hakulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hilo tangu siku alipofika. Usiku nikamwambia mume wangu: huyu mtoto hana shukrani.

Tulimpata baada ya miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Wanaoijua njia ya kuasili mtoto wanajua ilivyo ndefu: barua Ustawi wa Jamii, maofisa kuja nyumbani kuangalia vyumba na kuuliza majirani, kipindi cha malezi ya kambo, ripoti, kisha Mahakama Kuu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe amefikisha miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Sisi tulivuka vigezo vyote. Siku ya amri ya mahakama tulipika pilau. Tulipopata cheti cha RITA, wakala wa usajili, chenye majina yetu, mume wangu alikishika kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi.

Baada ya hapo hakuja mtu. Silaumu, kazi ya wale maofisa ilikuwa kuhakikisha tunafaa, na waliifanya vizuri. Lakini mtoto anaingia kwako na miaka yake minne mgongoni, nawe unadhani cheti kimeifuta.

Tulikuwa tumehama Mbagala kwa makusudi. Kule kila mtu alijua tumbo langu halijawahi kubeba. Huku, kwenye mteremko unaotazama mabomba ya kiwanda cha saruji, hakuna aliyetujua. Majirani walimwona mtoto, wakaanza kuniita mama wa fulani, na mimi kila nilipoitwa hivyo moyo uliruka. Faili la mahakama nililitia kwenye begi la zamani, nikalipandisha juu ya kabati, nyuma ya blanketi za wageni. Mtoto naye tulimfundisha kusema amezaliwa Mbagala.

Chakula chini ya godoro hakikuwa peke yake. Usiku aliamka akipiga kelele, na nikimkumbatia mwili wake ulikuwa mgumu kama gogo. Ila mgeni yeyote akifika alimrukia mapajani, hata dereva wa bodaboda aliyeleta mzigo. Kila nilipojiandaa kwenda Tegeta kununua nyuzi na vifungo vya kazi yangu ya ushonaji, yeye alifunga nguo zake kwenye mfuko na kukaa mlangoni. Nilidhani anataka twende wote. Siku moja nikamuuliza unakwenda wapi. Akajibu, "Sijui, we ndo unajua."

Mama mkwe alisema hatujui amebeba nini kutoka kwao. Wifi yangu alitamka neno ambalo nilihama Mbagala nisilisikie tena: mtoto wa kuokota. Tulimpeleka kwenye maombi, akalala vizuri siku mbili. Zahanati moja ilitupa dawa ya usingizi. Shuleni waliandika mtukutu, muongo, na kumwadhibu kwa kuchukua andazi la mwenzake. Na mimi, sitaficha, nilianza kufikiria kumrudisha. Nilipiga hesabu ya namna ya kumrudisha kama mtu anayerudisha kitambaa dukani, kisha nikaenda chooni kulia.

Usiku mmoja wa mwaka 2024 nilipiga 116, Simu ya Mtoto. Ile namba haitozi, na nilikuwa nimeiona kwenye mabango kwamba ni ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Niliogopa sana, maana katika habari yangu aliyemchapa mtoto ni mimi. Aliyepokea hakunikaripia. Alisikiliza, akauliza kama mtoto yuko salama usiku huo, kisha akaniuliza: "Mama, haya unayaongea na nani mwingine?"

Nilinyamaza muda mrefu hadi akadhani simu imekatika.

Alinielekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yetu. Nilishangaa, kwa sababu nilidhani mlango ule nilishaufunga. Afisa, mama mtu mzima, alisema wanaorudi ni wachache kwa kuwa wanaona haya: mtu aliyeomba mtoto kwa machozi, akaapa mbele ya jaji, atarudi vipi kusema mtoto amemshinda? Akaniandikia barua ya kwenda Muhimbili, idara ya afya ya akili. Neno lile lilinichoma. Mume wangu aliposikia afya ya akili alisema mwanangu si kichaa. Ilibidi nimwambie kuwa na mimi nina miadi huko.

Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imechimbuliwa kwa ujenzi wa njia ya mwendokasi. Kila Jumatano tulitoka alfajiri na kupanda daladala mbili. Nilipoteza wateja wa magauni ya harusi, na sikupata wengine badala yao.

Mshauri wetu alikuwa dada mmoja mpole, aliyekaa chini mkekani na mtoto badala ya kukaa mezani. Siku ya kwanza hakumuuliza lolote kuhusu chakula. Walichora. Binti yetu alichora nyumba sita, na katika kila moja mlango bila madirisha. Baadaye nililisoma upya faili la juu ya kabati nikahesabu mahali alipowahi kulala kabla ya kwetu. Pamoja na kwetu, palikuwa sita.

Yule dada alinieleza jambo ambalo bado nalitafakari. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda mwaka 1954, akafuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu watoto wale. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa mbali na mama, akageuka kumtazama, akaona yupo, akaendelea na mchezo. Sehemu ya elimu inayotumika leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake imechota kwa akina mama wale wa Buganda. "Mwanao," akasema, "aligeuka mara nyingi akakuta hakuna mtu. Kuficha chakula si wizi. Ni akiba ya safari."

Akanipa kazi, na zote zilikuwa za nyumbani. Kopo lenye mfuniko, la mtoto mwenyewe, lisiwe tupu kamwe: karanga, kashata, kipande cha muhogo. Asiombe ruhusa kulifungua. Nikitoka nimwachie kanga niliyoivaa, nimwambie nitarudi kabla ya mchana, na nirudi kweli, hata kama vifungo havijapatikana. Ufito wa mpera niliuvunja mwenyewe jikoni.

Miezi miwili hakukuwa na dalili ya mabadiliko. Nasema hivi kwa yeyote anayehesabu siku. Mwezi wa tatu alianza kuacha karanga kwenye kopo hadi asubuhi.

Lililobaki lilikuwa langu. Mshauri aliuliza mtoto anajua nini kuhusu alikotoka, nikabadilisha mada mara tatu. Aliyenisaidia zaidi hapo alikuwa jirani yangu, Mwislamu, ambaye hatimaye nilimwambia. Nilitarajia mshangao. Alisema kwao kulea yatima ni jambo kubwa mbele ya Mungu, ila nasaba haifichwi, mtoto hubaki na jina la baba yake. "Sasa wewe ulikuwa unamficha nani?" akauliza, akiendelea kuchambua mchele.

Tuliteremsha begi Jumapili moja, mume wangu, mimi na binti yetu. Tulikaa kitandani pake. Nikamwonyesha picha ya siku aliyofika makao ya watoto, kichwa kimenyolewa, gauni kubwa kumzidi. Nikamwambia kuna mama mwingine aliyemzaa, na kwamba sisi tulimtafuta kwa miaka mingi. Aliigusa picha. Akauliza, "Alikuwa anajua kupika chapati?"

Nikamwambia sijui. Nilitamani sana nijue.

Jumamosi iliyofuata alisukuma unga na mimi, mikono imejaa mafuta. Chapati ya kwanza aliikunja, akaitia kwenye kopo lake. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya yule mama. Jioni alikuja na kopo ukumbini, akakaa katikati yetu, akaila yote.