Senetwet na Asumini

Mshairi chipukizi wa Kiswahili aliyezaliwa bara, akitaka kumsifu mpenziwe, hukimbilia asumini na waridi. Sina ugomvi na maua hayo. Pwani huvaliwa, hunuswa, hutandazwa vitandani. Ushairi uliyarithi kwa haki. Ninalouliza ni hili: ua analolipita kila asubuhi limekosa nini?

Kwetu Nandi ua hilo ni la senetwet. Wagikuyu huiita mwinu. Wataalamu wa mimea, Senna didymobotrya. Ni kichaka cha asili ya Afrika, cha jamii ya kunde, kipendacho kingo za mito, vinamasi na mashamba yaliyoachwa. Maua yake ya manjano hujipanga kwenye shuke lililosimama wima, na kileleni hubaki matumba meusi tititi, mithili ya mshumaa ulioungua ncha. Hayana asali. Nyuki wakubwa weusi watoboao mbao huyakumbatia na kuyatikisa kwa mvumo hadi chavua imwagike. Jani likifikichwa hutoa harufu nzito ambayo wengi hawaipendi. (Labda hapo ndipo ua letu lilipoukosa ushairi!)

Hata hivyo, bila mti huu hakuna mursik ya kwetu. Nyanya yangu hukata fimbo ya senetwet, akaikausha, akaichoma ncha hadi iwe kaa, kisha akalisugulia kaa hilo ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Yakishaganda huwa ya kijivu, yenye ladha ya moshi. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wetu warudipo na medali. Siku hizi nyanya huitafuta fimbo hiyo mbali, kando ya barabara ya lami, kwa sababu kijito kilicho chini ya boma kimelimwa mahindi hadi majini.

Mwanafunzi mwenzangu alidai kwamba neno hilo haliwezi kuingia shairini, kwa kuwa linaishia kwa konsonanti na litavunja kina. Hoja ya kina naiheshimu. Sisi wanamapokeo hatuchezi nayo. Lakini Mwarabu husema ward, na Mswahili aliongeza irabu, akapata waridi. Hakuna aliyelalamika. Basi na iwe senetweti: mizani minne kamili, na inapatana na sauti, bahati na mauti. Beti tatu nimekwisha kuzitunga.