Turubai au Bati? Paa Lililotununisha Siku Tatu

Umewahi kununiana na mwenzio kwa ajili ya paa la gari? Sisemi gari lenyewe, nasema paa. Mimi na mume wangu tulinuniana siku tatu nzima, na ndoa yenyewe ilikuwa haijafikisha hata miaka miwili.

Ngoja nikupe picha. Mimi kazi yangu ni hospitalini, Ngara mjini. Mwenzangu ni mtu wa kilimo, kituo chake kipo Biharamulo. Ukisikia wilaya mbili za mkoa mmoja wa Kagera utadhani ni pua na mdomo. Wapi! Unatoka Biharamulo, unakwenda Lusahunga, Nyakahura, Benaco, ndipo uanze kupanda milima ya Ngara. Kila Ijumaa nikitoka zamu, mtoto mgongoni, begi mkononi, nahangaika na usafiri, nafika kwa mume wangu giza limeshaingia na nimechoka hata salamu sina. Tukasema basi, tujibane, tununue kigari.

Gari lenyewe halikutugombanisha. Suzuki Escudo ya milango miwili, injini ya sisi 1,600, inavuta magurudumu yote manne. Kwa milima yetu na matope yetu, umeshamaliza. Balaa lilianzia juu. Kampuni ilipoitoa Escudo kule Japani mwaka 1988, iliitoa kwa sura mbili: moja ina bati mpaka nyuma, nyingine ina turubai, unafungua zipu, unakunja, unabaki na upepo. Na kwa bahati (au bahati mbaya) zote mbili zikajitokeza wiki moja. Ya turubai ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake kule Biharamulo, bluu iliyokoza. Ya bati ilikuwa Ngara, nyeupe, ya mzee mmoja mstaafu. Ya turubai ilikuwa na nafuu ya shilingi 1,500,000.

Mume wangu akawa ameshaiona picha yote kichwani. "Mke wangu, hebu fikiria mwezi wa saba, hakuna mvua, tumefungua juu, wewe na miwani yako ya jua. Wivu utawaua watu!"

"Na mwezi wa tatu je?" nikamuuliza.

Nikamwagia sababu zangu. Turubai wembe mmoja tu, mwizi ameshaingia. Madirisha yake ya plastiki yakipigwa jua na vumbi yanafifia, ukitazama nyuma unaona ukungu. Zipu ikiota kutu, kwisha habari. Huwezi kuweka keria juu, sasa ndizi za mama mkwe nitazibeba wapi?

Naye akanijibu moja moja. Turubai likichanika, wapo mafundi wanaoshona maturubai ya malori, wanaliziba kwa siku moja. Bati nalo lina yake: linaota kutu kwenye maungio, likilala juani linakuwa tanuri, na uzito wa juu unalifanya gari fupi liyumbe kwenye kona. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Jumamosi moja ya mwezi Machi tukaazima ile ya turubai, tuendeshe hadi Ngara tuilinganishe na ya bati. Mtoto tukamwacha kwa shangazi yake. Mwanzo, jamani, sitadanganya, raha tupu! Tumefungua juu, upepo, mume wangu anapiga mluzi, na mimi mwenyewe nikajisahau nikacheka.

Kisha tukaingia porini, kabla ya Nyakahura. Mbung'o! Kama hujawahi kung'atwa na mbung'o, shukuru Mungu. Mdudu yule hufukuza kitu kinachotembea, hata gari linamvutia, na rangi anazozipenda ni bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake inayotundikwa kwenye hifadhi huwa ni vitambaa vya bluu na vyeusi. Sasa sisi tulikuwa ndani ya mtego wenyewe, tena tumeufunua! Mdudu huyo ndiye anayeeneza malale, sasa fikiria na mtoto mchanga angekuwemo.

Tukasimama kufunga. Zipu ikakwama nusu. Na mvua nayo haikungoja, ikashuka ya kwelikweli. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yanatupita, kila moja linatumwagia ndoo ya maji mekundu. Mume wangu anacheka, anasema tutasimulia wajukuu. Mimi nikalipuka. Nikamwambia maneno ambayo sikuyapanga: "Wewe unacheka kwa sababu hujawahi kulala chini ya kiti cha basi!"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Siku tatu.

Jumanne usiku akanipigia simu. "Kiti gani cha basi?"

Nikamweleza kitu ambacho sikuwahi kumwambia wakati wa uchumba wala baada ya ndoa. Mwaka 2003 nilikuwa na miaka minane. Enzi hizo, ukipita mapori ya Biharamulo na Ngara, magari yalikusanywa yakasindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Siku hiyo basi letu lilichelewa msafara, dereva akaona ajikaze tu. Mbele tukakuta magogo. Mama akanisukuma chini ya kiti, akanilalia. Nilisikia vitu vikigonga bati juu yangu. Hatukupoteza mtu, lakini tangu siku ile, nikiingia kwenye gari lazima niguse bati.

"Lakini mke wangu, bati halizuii risasi," akasema taratibu.

"Najua halizuii. Nimepita njia ile mara ngapi tangu hapo na sijaguswa. Lakini mwili wangu haujui."

Akakaa kimya, nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniambia ya kwake. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa Land Rover ya turubai ya chama cha ushirika. Nyumbani alikuwa mzee mkali, hacheki na mtoto. Ila siku akimchukua safarini, wanakunja turubai, mzee anapiga mluzi njia nzima. Alifariki mume wangu akiwa kidato cha pili. "Ule mluzi," akasema, "sikuwahi kuusikia mahali pengine."

Yaani kumbe miezi yote ile tulikuwa hatubishani kuhusu gari! Yeye alikuwa anamtafuta baba yake, mimi nimejificha chini ya mama yangu.

Tukanunua ya bati. Usidhani ilikuwa bure: ile milioni moja na nusu ilitoka kwenye pikipiki yake, aliiuza bila kunung'unika. Nami nikaona siwezi kupokea tu. Nikaomba kubadilishiwa zamu, nisafiri Jumamosi asubuhi badala ya Ijumaa jioni, ili nisikabidhi woga wangu wote kwa paa. Na ndizi za mama mkwe sasa zinakaa kwenye keria, hilo nilishinda kwa haki.

Kama nanyi mnasumbuka na uamuzi huu, nitasema hivi. Kwa njia za pori, masika na mtoto mdogo, chukueni bati, na rangi nyeupe kama mnaweza. Mkiishi mjini, safari fupi, gari linalala ndani ya geti, turubai si dhambi. Zipu zipakeni nta na msiache kitu cha thamani ndani. Ila kabla ya kumwuliza fundi, ulizaneni ninyi kwa ninyi: mwenzangu, hapa unaogopa nini? Na unatamani nini?

Mwezi wa saba uliofuata tulikuwa tunapanda milima ya Ngara, pori tumeliacha nyuma, mbung'o hakuna. Nikashusha kioo changu mpaka chini, nikanyoosha mkono nikashusha na cha kwake. Upepo ukaingia. Mtoto nyuma akacheka. Na mume wangu, bila kujua, akaanza kupiga mluzi.