Chongo na Kengeza

Asubuhi moja hapa Mpanda, nikisoma shairi la mjukuu wangu, kila mstari ulipata pacha.

Hospitalini daktari aliuliza kwanza: picha mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, au moja juu ya nyingine? Ubavu kwa ubavu, nikajibu. Akanifunika jicho la kulia, pacha akatoweka. Akafunika la kushoto, akatoweka tena.

“Angebaki hata jicho moja likifunikwa, Mwalimu, ningeshuku kasoro ndani ya jicho lenyewe, kama mtoto wa jicho. Lakini macho yako hayaelekei pamoja. Haya ni makengeza.”

Akanifuatisha kidole chake. Kila nilipotazama kushoto, picha ziliachana zaidi: msuli wa nje wa jicho la kushoto ulikuwa umelegea. Kisukari kilikuwa kimeudhuru mshipa wa fahamu unaouongoza.

“Mbona watoto wenye makengeza hawalalamiki hivi?”

“Ubongo wa mtoto huizima picha ya jicho moja. Jicho hilo lisipotibiwa mapema, hufifia.”

Nikanyamaza. Miaka mingi iliyopita mzazi mmoja aliniuliza afanyeje na bintiye mdogo mwenye makengeza. Nikamtuliza kwa methali: ukipenda chongo, huita kengeza. Tukacheka, akaenda zake. Methali yetu huliona kengeza kuwa nafuu ya chongo. Sikujua kwamba kengeza lililopuuzwa utotoni laweza kulizaa chongo.

Baada ya miezi mitatu picha zangu zimeungana tena. Habari za jicho la binti yule sijawahi kuziuliza.