Julai, Ngitili Zikifunguliwa

Ukitaka kuipenda Bariadi, njoo Julai. Msimu wa pamba unakuwa umeshika kasi, na pamba iko kila mahali: shambani, kwenye maghala ya AMCOS, hadi kwenye vichaka vya kando ya barabara ya Lamadi, ambako upepo umeitundika kwenye miiba kama manyoya ya kuku aliyechinjwa jana. Asubuhi kuna baridi ya kuvalia sweta. Kufika saa sita, vumbi na jua vimeshakukumbusha ulipo.

Wapitaji wengi wana haraka. Wanawahi Serengeti, inayopakana na mkoa huu upande wa mashariki, au wanateremka Busega kuliona Ziwa Victoria. Mimi nilikuja kuangalia nyasi. Kijana wa bodaboda aliponiuliza nakwenda kutalii nini, nikamjibu ngitili, alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Ile si ya ng'ombe tu, mzee?"

Ni ya ng'ombe, kweli. Msukuma hutenga kipande cha malisho, akakifunga mvua zinapoanza, nyasi zikapanda, miti ikapumua. Kiangazi kikikaza, nje kumebaki udongo mtupu, ndipo anakifungua, tena kidogo kidogo, ndama na maksai wakitangulia. Hiyo ndiyo ngitili.

Tulipofika, mwenyeji wetu alikuwa amekaa chini ya mkwaju, akimenya karanga. "Mwangaluka, baba," nikasema, na hapo nikawa nimeutumia robo ya Kisukuma changu chote. Akaitikia, akatuletea michembe, kisha akatuongoza. Nilitafuta uzio sikuuona. Hapakuwa na seng'enge wala minyaa, ila njia nyembamba ya ng'ombe, upande huu ardhi imekwanguliwa, upande wa pili nyasi za kufika kiunoni na migunga iliyoshikana matawi. Nikamuuliza anazuiaje mifugo ya watu. Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani. "Yule akiona ng'ombe humu mwezi wa pili, hata wakiwa wangu mwenyewe, jioni tumeitwa dagashida." Dagashida ni baraza la kijiji la kimila, na faini yake hailipwi kwa maneno.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga, nchi ambayo Mwalimu Nyerere aliiita Jangwa la Tanzania. Mkoloni alifyeka misitu kuwafukuza mbung'o, pamba ikadai mashamba zaidi, ng'ombe wakaongezeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, wakaziacha ngitili zao bila wa kuzilinda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulianza kama miradi mingi ya miti inavyoanza: vitalu, viriba, miche ya kigeni. Mingi haikufika mbali. Ndipo wataalamu walipogeukia walichokijua wazee. Chini ya ardhi ile iliyodhaniwa imekufa kulikuwa na visiki na mizizi hai, vikisubiri tu kwato zisogee pembeni.

Mwaka ule wa kwanza ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake, katika ripoti yao ya mwaka 2005, waliandika kwamba ndani yake mlikuwa na aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Niliisoma takwimu hiyo nikiwa Dar es Salaam, nikaipita. Pale chini ya migunga, kwerea walipoinuka kundi zima kutoka kwenye nyasi mbele ya magoti yangu, nikairudia.

Kuna jambo lililonikaa zaidi. Ngitili nyingine ni za familia, nyingine za kijiji, na nyingine ni za shule. Chuo nilichosoma mimi, jina lake liacheni, kilikuwa na eneo kubwa kuliko kijiji. Kila Januari tulipanda miti mbele ya kamera, na kila Machi mashine ya kukata majani ilipita juu yake. Penye uzuri palisimama miashoki, imenyooka kama askari wa gwaride. Ndege wetu walikuwa kunguru.

Sasa Bariadi nayo ina kampasi, ya IFM, chuo cha fedha. Naota wakifunga ekari chache tu, mashine isikanyage, na wanafunzi wa uhasibu wakatumwa kila mwaka kuhesabu ndege. Kazi ya kuhesabu wanaijua. Tena ngitili ni akiba: unaweka wakati wa neema, unatoa wakati wa shida, na ole wako ukitoa mapema. Sidhani kama kuna mhadhiri atakayehitaji kuwaeleza hilo mara mbili.

Jua lilipoanza kulegea, mwenyeji wetu alipiga mluzi. Wavulana wawili wakawaleta ndama, kama ishirini hivi, mbavu zao zikihesabika. Kwenye ile njia nyembamba wakasita, kana kwamba nao waliitwa dagashida zamani. Kisha wa mbele akainamisha kichwa, akaingia, na zile nyasi zikammeza mpaka masikio.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ametoa simu, anampiga picha ndege mwekundu aliyetua juu ya mgunga, na anamuuliza mzee anaitwaje kwa Kisukuma.