Shamba la Bondeni Baada ya Maji

Bagamoyo, Juni 2024

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba maji ya mafuriko yameshatoka shambani na umeshapatana na mwenye trekta aje Jumatatu. Nakuomba umwambie asubiri. Shamba hilo ndilo pekee alilokuachia marehemu kaka yangu, nami sitaki kuona linakutia madeni.

Udongo uliozama siku nyingi hukosa hewa. Vijidudu vya udongoni hupumua, na maji yakijaa hewa yao huisha kwa siku moja au mbili. Hapo hushamiri wale wanaotumia nitrati, yaani naitrojeni ambayo mimea hula, badala ya hewa, wakaigeuza kuwa gesi inayopotea. Ndiyo sababu mahindi yaliyosalimika yamekuwa ya manjano. Mpunga huvumilia kwa kuwa una mirija ya kushusha hewa hadi mizizini. Mahindi na mihogo haijajaaliwa hivyo. Trekta likiingia udongo ungali mbichi, uzito wake utaushindilia, na chini ya jembe litabaki tabaka gumu ambalo mizizi itagonga isipite, msimu baada ya msimu. Chimba hadi kina cha jembe, chukua donge, uliviringishe kiganjani. Likifanya uzi, bado. Likimeguka, mwite mwenye trekta.

Zito kuliko yote ni kujua ni maji gani yaliyokufikia. Mto huleta rutuba, watu husema, nami sibishi, ila si kila mahali. Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru. Unapovunja kingo, mchanga mzito hutua kwanza, karibu na mto. Tope laini huenda mbali zaidi. Kwa hiyo shamba lako moja sasa ni mashamba mawili au matatu. Pita na jembe uchimbe huku na huku. Penye tope jeusi laini, shukuru, kisha tia samadi, kwa maana naitrojeni iliyopotea haikurudi nalo. Penye mchanga wa tabaka jembamba, uchanganye na udongo wa chini. Ukizidi shubiri, usihangaike na mpunga hapo. Jaribu matikiti au viazi vitamu.

Kule chini kuelekea mikokoni ni jambo jingine kabisa. Wakati wa bamvu bahari hupanda mtoni, na kiangazi mto ukipungua nguvu, chumvi husogea ndani zaidi. Udongo ukikauka ukaota ukungu mweupe, au ncha za majani zikaungua ilhali maji yapo, ujue umepata chumvi. Mbolea ya dukani haitibu hilo, na jivu ndio kabisa usitie. Dawa ni maji matamu: yajaze jarubani, yatoe kwa mfereji, urudie. Bila mfereji wa kutolea unaizungusha chumvi palepale. Kama udongo umeziba na maji yanatuama juu hayanywewi, huenda magadi yameushika, na hapo ndipo jasi hufaa, ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same. Usiinunue kabla ya kupima. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, kule Tanga, kazi yake ni udongo; peleka sampuli ya kila sehemu peke yake, usizichanganye.

Nimeyaona mafuriko ya El Nino ya 1997 kuingia 1998, na mvua za mwishoni mwa mwaka jana. Waliolima hadi ukingoni mwa mto ndio waliopoteza udongo wenyewe, si mazao tu. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na wengi huiona kama uonevu. Mimi naiona ni haki ya shamba. Acha matete na miti ya ukingoni isimame. Na atakayekushawishi ukate mikoko upanue jaruba, mkatalie hata akiwa mtu wetu. Mikoko hupunguza makali ya mawimbi na hushika tope lisichukuliwe.

Kwa sasa, sehemu za juu zikishameguka, panda kunde. Hurudisha naitrojeni, na mizizi yake huwapa makazi kuvu wema waliopungua kwa maji, wale wanaosaidia mimea kupata fosforasi. Kwa sehemu zilizo bado mbichi, trekta lisubiri, hata ikibidi hadi karibu na vuli. Nimekuwekea debe la mbegu; pitia Jumamosi baada ya adhuhuri, uje na udongo wa kule mikokoni kwenye mfuko tuutazame pamoja.

Shangazi yako